Mche Ulio Njiani

Wameutoa mguuni saa tatu na robo,
mshipa wa Zablon Abuto, karani wa mizani
kiwandani Muhoroni, aliyesimama miaka thelathini na mmoja
akipima miwa ya watu.
Sasa umelala kwenye bakuli langu,
mrefu kama kamba ya kiatu, mweupe kidogo, kimya.
Kifuani bado wanafungua njia.
Nami, Sista Adhola, kazi yangu ni hii:
kungoja nao.

Kungoja si kukaa.

Mshipa uliotoka mwilini hauna bwana.
Haujui kama umekufa, haujui kama utaishi.
Ndani yake mna utando, mwororo kuliko ule wa maziwa
unaojitanda sufuriani ukigeuka kutafuta sukari;
seli zimepangana bega kwa bega,
na ndizo zinazoiambia damu: pita, usigande.
Zikikauka, zikikwaruzwa, zikifurishwa,
mshipa utashoneka vizuri, utapitisha damu vizuri,
mgonjwa ataondoka akipunga mkono,
kisha mwaka haujaisha, njia imeziba.

Nalijua hilo kwa jina.
Fanuela Khasiala, wa Luanda.
Siku ile bakuli lilikuwa na maji ya chumvi, ndiyo desturi,
chini ya taa, na mimi nahesabu pamba.
Hakuna aliyenilaumu.
Hata leo hakuna awezaye kuapa kwamba ni bakuli.
Ila alirudi mwezi wa kumi na moja, ameshika kifua
kama mtu aliyeficha kuku hai ndani ya sweta.

Mama yangu alipandikiza mpunga Ahero.
Aling'oa miche kitaluni kabla ya jua,
akaifunga kwa gunia bichi, akaivusha tuta kwa tuta,
na akikukuta umeiweka juani
hata kwa muda wa kujifunga leso upya,
alikuita mchawi.
"Mche hauuawi na shamba," alisema. "Huuawa na njia."

Basi leo bakuli haliko chini ya taa.
Dawa ni ile iliyosawazishwa uchachu ukaribiane na wa damu;
joto lake nimelipima kwa kipimo, si kwa kidole.
Kalamu ya wino nimeificha.
Ncha ya chini nimeitia klipu ndogo, nisiipoteze,
maana mshipa huu una milango ya upande mmoja:
utashonwa kichwa chini,
la sivyo utaifungia damu mlango usoni.

Daktari Cheruto, mwanagenzi, ana mikono ya haraka.
Ameuinua, ameuchomeka bomba la sindano,
anataka kuujaza aone unavuja wapi.
Dole gumba linakaza.
"Taratibu, daktari. Huo si mpira wa baiskeli."
Anacheka ndani ya barakoa. Dole halilegei.
"Cheruto!"
Sijawahi kumwita daktari kwa jina tupu
mbele ya mpasuaji mkuu.
Chumba kikanyamaza, hata mashine
inayompumulia Zablon ikawa kama imesita.
Kisha dole likalegea. Tone moja likachungulia penye tawi,
akalifunga kwa uzi, akaurudisha bakulini
kama anavyorudishwa mtoto mgongoni.

Dakika ya ishirini na nane. Thelathini na tatu.
Mvua ya Kisumu inapiga mabati ya dobi.
Taa zimekonyeza, jenereta limeshika,
hakuna aliyeinua kichwa.
Nainamisha bakuli, dawa ifunike ncha iliyochomoza.
Miaka yote hiyo mizanini
mshipa huu ulipandisha damu kutoka kwenye vifundo,
dhidi ya uzito wake, bila mtu kuuliza hali.
Leo naiuliza. Kila dakika naiuliza.

"Mshipa," anasema mpasuaji, hageuki, kiganja wazi.
Namkabidhi ukidondoka maji.

Bakuli limebaki na dawa na kivuli cha mkono wangu.
Silimwagi bado.